Makofi ya Ukatili

Iko sifa moja itolewayo ovyo katika viwanja vya shule zetu, nami nataka kuipinga mbele yako, msomaji, kwa kuwa huenda wewe mwenyewe umepata kuitoa. Mchezaji wa raga agongwapo kichwa akaanguka, akainuka akiyumba, kisha akakataa kutoka, uwanja mzima humpigia makofi. Huitwa simba. Mwenziwe atokaye akaketi kando huitwa mwoga. Mimi nasema makofi yale ni ukatili, ingawa wayapigao hawajui.

Tazama kwanza lililotokea ndani ya kichwa chake. Ubongo ni kitu laini, nao umezungukwa na majimaji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimamishwa ghafula, au kikizungushwa kwa nguvu, ubongo hutikisika na seli zake huvutwa. Tando za seli hulegea: potasiamu hutoka nje, kalsiamu huingia ndani. Hapo seli hulazimika kufanya kazi kubwa ya kurudisha kila kitu mahali pake, na kazi hiyo hula sukari nyingi; tena wakati huo huo damu iletayo sukari hupungua. Ni kama nyumba iliyofikiwa na wageni wengi siku ambayo ghala i tupu. Taabu hiyo hudumu siku kadhaa, pengine majuma, na kwa vijana hukawia kuliko kwa watu wazima. Kwa macho huoni kitu. Mara nyingi hata picha ya hospitali haionyeshi kasoro. Wengi wapatwao na mtikisiko wa ubongo hawazimii kamwe; kwa hiyo asemaye, "Hakuzirai, basi yu mzima," asema asilolijua.

Wala usiniambie kwamba kisichoonekana hakipo. Katika maabara hutiwa maharage yaanzayo kuota ndani ya chupa ya chai pamoja na kipimajoto, na katika chupa ya pili maharage yaliyochemshwa (yaoshwe kwa dawa, la sivyo vijidudu vya uozo vitakudanganya). Baada ya siku chache joto la chupa ya kwanza hupanda. Latoka wapi? Mbegu kavu ilikuwa kana kwamba imelala. Ilipokunywa maji, mitokondria zake, ambazo ni meko ya seli, ziliamka na kuanza kuteketeza akiba ya chakula. Kazi yote hiyo yatendeka chini ya ganda. Mkulima wa Kitui ajua kwamba wakati huo si wa kuchezewa: hapitishi ng'ombe juu ya shamba liotalo, wala hafukui mbegu kila asubuhi aitazame. Nakubali, mbegu yajenga na ubongo watengeneza. Lakini zote mbili hutaka kuachwa. Kwa nini basi kichwa cha mwana kikose heshima aipatayo punje ya haragwe?

Gharama ya kukosa heshima hiyo yajulikana. Katika mji wa Ottawa, nchini Kanada, alikuwako msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mwezi wa Mei 2013 aligongwa kichwa zaidi ya mara moja katika muda wa siku chache. Alishuku mwenyewe, alitafuta habari za mtikisiko wa ubongo katika simu yake, akawaandikia rafiki zake. Hata hivyo alicheza tena, akaangushwa, na baada ya siku chache akafa. Baraza lililochunguza kifo chake mwaka 2015 lilitoa mapendekezo 49, na mwaka 2018 jimbo la Ontario likatunga sheria iitwayo kwa jina lake. Angalia, msomaji, mahali ambapo habari ilikuwapo: ilikuwa kwa vijana, nayo haikuwafikia wakubwa.

Wako watakaosema kwamba mchezo ni uvumilivu. Naam, vumilia mguu uumao, vumilia mvua na kushindwa. Lakini kiungo kilichoumia hapa ndicho kile kile kitumiwacho kuamua kama kimeumia. Kumwuliza aliyegongwa kichwa kama aweza kuendelea ni kuiuliza saa mbovu ni saa ngapi. Wengine watatoa kofia ya raga. Kofia hulinda ngozi na masikio. Ubongo hutikisika ndani yake vile vile.

Basi uamuzi usiwe wa mchezaji. Atoke, asirudi siku ile hata akiapa kwamba yu mzima, naye asiachwe peke yake. Akitapika, au kichwa kikizidi kuuma, au akisinzia hata asiamshike, apelekwe hospitali mara moja. Mazoezi yarudi kidogo kidogo, kwa idhini ya mganga, na masomo pia yapunguzwe mwanzoni. Na wewe uketiye karibu naye bwenini, ukimsikia akilalamika usiku kwamba taa yamchoma macho, nenda ukamwambie mwalimu, hata ikiwa fainali ni kesho na yeye ndiye mfungaji wenu.