Si Kila Redio Iliyonyamaza ni Mbovu

Msomaji kijana, lipo neno moja ambalo hutamkwa kwa wepesi mno katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, tangu Makongeni na Jericho hata Umoja, Kayole na Dandora. Neno hilo ni "mbovu". Mtu hununua motokaa iliyokwisha kutumika ugenini, akaifungua redio yake, akasikia mvumo mtupu kama wa mvua juu ya mabati, na papo hapo akahukumu kuwa redio ni mbovu. Jioni ile ile redio hung'olewa, na mahali pake hutiwa nyingine yenye kioo kikubwa king'aacho. Hakuna aliyeuliza kwa nini ile ya kwanza ilinyamaza. Nami nimeshika kalamu kuipinga hukumu hiyo, kwa sababu imetolewa pasipo ushahidi, na kwa sababu wanaoilipia ni wengi kuliko wanaoitoa.

Tuutazame kwanza ukweli wa jambo lenyewe. Motokaa nyingi zipitazo katika Barabara ya Jogoo zimetoka Japani. Huko, kama hapa kwetu, magari hufuata upande wa kushoto wa njia, na usukani huwa upande wa kulia. Kwa hiyo gari lao hutufaa bila kubadilishwa. Lakini kuna kitu kimoja kisichofanana. Matangazo ya FM ya Japani yalipangiwa masafa ya megahezi 76 hata 90, na katika miaka ya 2010 yakaongezwa hata 95. Kenya, kama nchi nyingi za dunia, hutumia masafa ya megahezi 87.5 hata 108. Basi redio iliyoundwa kwa ajili ya Tokyo, ikifika Buruburu, ni kama mgeni aliyealikwa arusini akaenda kubisha mlango wa nyumba ya jirani. Masikio yake ni mazima na miguu yake ni mizima; ila mlango siwo.

Ushahidi wa maneno haya hauhitaji fundi. Fungua redio, peleka namba juu kidogo kidogo, kisha tazama inapokomea. Ikikomea 90, umekwisha kupata jibu. Redio hiyo yaweza kuishika Ghetto Radio, ambayo hutangaza jijini Nairobi kwa megahezi 89.5, lakini haiwezi kuifikia Redio Taifa iliyo kwenye 92.9, wala Radio Citizen iliyo kwenye 106.7. Je, chombo kinachoshika stesheni moja vizuri na kuziacha nyingine zote zilizo juu ya mpaka wake, kweli ni kibovu? Au ni sisi tulioshindwa kuhesabu?

Na hesabu yenyewe ni ya darasani. Kipo kifaa kidogo, ukubwa wake kama kibiriti, ambacho mafundi hukiita ekspanda. Hutiwa kati ya waya wa antena na redio, na kazi yake ni kuyashusha mawimbi kwa kiasi kilichowekwa. Kikishusha megahezi 12, Redio Taifa ya 92.9 itasikika redio ikionyesha 80.9, na Capital FM ya 98.4 itasikika kwenye 86.4. Lakini Radio Citizen itashuka hata 94.7 tu, nayo bado i nje ya mpaka wa 90. Ukichagua kifaa cha kushusha megahezi 18, Radio Citizen itaingia kwenye 88.7, lakini Redio Taifa itaanguka hata 74.9 na kupotea chini ya mpaka. Sababu yake ni wazi: tangu 76 hata 90 ni hatua 14, na matangazo yetu yametandazwa juu ya hatua zaidi ya 20. Kibaba hakibebi pishi. Mwenye motokaa hana budi kuamua kwanza anataka kusikiliza nini, ndipo anunue.

Sisemi kwamba kifaa hicho ni dawa ya kila ugonjwa. Sauti hupungua usafi kidogo, na namba zionekanazo kwenye redio huwa si namba za stesheni zenyewe. Wala sisemi kwamba redio kuukuu haipasi kubadilishwa kamwe. Redio ya kanda, ambayo kinywa chake kimekwama na ambayo haina mahali pa kuunganishia simu, imemaliza siku zake. Redio nyingine za Kijapani hujifunga mara betri ikitolewa, zikadai namba ya siri ambayo aliyeijua alibaki ng'ambo. Mwenye chombo kama hicho akinunua kingine, hana lawama. Ninalolipinga ni kung'oa kwanza na kufikiri baadaye.

Maana hata kubadilisha kuna akili yake. Tundu la kawaida la redio katika motokaa lina upana wa milimita 180 na kimo cha milimita 50. Tundu la redio kubwa ni maradufu ya kimo hicho. Na magari mengi ya Toyota yana tundu la milimita 200 kwa 100. Asiyepima hununua redio inayocheza tunduni kama jino bovu, kisha huishindilia kwa vipande vya karatasi. Waya nazo zina lugha yake. Katika redio nyingi zinazouzwa madukani, wa manjano huchukua umeme wa betri wakati wote, mwekundu huchukua umeme pale ufunguo unapozungushwa, na mweusi hurudi kwenye mwili wa gari. Ukiubadilishana wa manjano na mwekundu, redio itasahau stesheni zako kila uzimapo gari, nawe utaiita mbovu kwa mara ya pili. Kadhalika, mabasi mengi makubwa yana umeme wa volti 24, na redio ya motokaa ndogo ni ya volti 12. Kuiunganisha moja kwa moja ni kuiua.

Lakini hatari kubwa iko kwenye fyuzi. Fyuzi ni mlinzi aliyeajiriwa afe ili nyumba ipone: umeme ukizidi, yeye hukatika na waya husalimika. Wako watu ambao, fyuzi ikikatika mara mbili, huiondoa na mahali pake hutia kipande cha waya mtupu, wakajisifu kuwa wameponya. Hawakuponya kitu, wamemfukuza mlinzi wakauacha mlango wazi. Siku waya ile iliyofungwa kwa utepe tu itakapochubuka nyuma ya dashibodi, moto utaanza mahali pasipoonekana, na ndani ya gari huenda mmo watoto wanaokwenda shule. Hapa msomaji ataona kwamba sibishani juu ya muziki.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: "Fedha ni zangu, na redio ni yangu." Ni kweli, lakini katika mitaa yetu fedha za mtu mmoja ni nadra kuwa za mtu mmoja. Mara nyingi motokaa hiyo ni teksi au matatu, na fedha inayotoka humo ndiyo karo, ndiyo kodi ya nyumba, ndiyo unga. Kiasi kinachotoka bila sababu kwa ajili ya kioo king'aacho hakikutoka mfukoni mwa baba peke yake. Kimetoka pia sahanini mwa mtoto.

Wa pili atasema: "Kipya ni maendeleo, nyinyi walimu mwapenda vikuukuu." Namjibu kwamba maendeleo hayapimwi kwa mng'ao. Mtu aliyeielewa redio ya zamani akaifanya iseme amepiga hatua; aliyenunua mpya asiijue hata rangi za waya zake amesimama pale pale, ila amesimama na kitu cha bei kubwa. Nenda Kariobangi, katika vibanda vya mafundi wa jua kali, utawakuta vijana wanaofungua chombo, wakakisoma, wakakirudisha kikiwa hai. Hao ndio maendeleo, ijapokuwa mikono yao ina masizi.

Wa tatu, naye ni hodari kuliko wote, atasema: "Kazi hiyo ni ya fundi; mimi yanihusu nini?" Yakuhusu kwa sababu fundi mwema hupenda mteja anayeuliza, na fundi mwongo hustawi kwa mteja asiyejua. Si lazima uishike bisibisi mwenyewe. Lazima ni kujua maswali matatu: Redio hii hukomea namba gani? Umeme wa gari hili ni volti ngapi? Fyuzi iko wapi? Atakayekasirika kwa kuulizwa hayo, mwachie kazi yake uende kwa mwingine.

Na ile redio iliyotupwa huishia wapi? Sisi wa mashariki ya jiji hatuna haja ya kuuliza, kwa maana jaa kuu la Nairobi liko kwetu, Dandora, tangu miaka ya 1970. Wakazi wa mitaa mingine hutupa kitu kikapotea machoni mwao. Sisi tukitupa, kitu hicho hurudi puani mwetu. Ndani ya redio mna shaba, na katika zile za zamani mna risasi iliyoshikishia vipande vyake. Wako wanaochoma waya ili maganda yayeyuke wapate shaba ya kuuza, na moshi wake mweusi huingia madirishani na madarasani. Bunge lilitunga Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka mwaka 2022, na ni jambo jema. Lakini hakuna sheria iwezayo kuusimamisha mkono wa mtu anayetupa kilicho kizima kwa kuwa hakujisumbua kukijua.

Kwa hiyo, msomaji kijana, nakusihi uwe mgumu wa kutoa hukumu. Utakapoitwa nyumbani uambiwe kwamba redio ya gari, au pasi, au taa, au jambo lo lote limekuwa bovu, uliza kwanza: nani ameichunguza, naye ameona nini? Swali hilo halina gharama, wala halihitaji cheti. Na kama ukisha kuchunguza utaona kwamba chombo kimekufa kweli, kizike kwa heshima: mpelekee fundi avitumie vipande vyake, kisha ununue kingine kwa kipimo cha haja yako. Lakini usikubali kukizika kikiwa hai, kwa kosa la kuzaliwa katika nchi ya namba nyingine.