Tusimsingizie Mungu Maamuzi Yetu

Katika makanisa yetu kuna kauli inayofunga kila mjadala: "Mungu amenionyesha." Kijana akitaka kuposa, Mungu amemwonyesha. Akitaka kuvunja uchumba mwaka unaofuata, Mungu amemwonyesha tena. Baba akiamua kuuza shamba la familia ili aanze biashara asiyoijua, mkewe akihoji, anaambiwa kuna neno limetoka madhabahuni. Na yule ambaye hajaonyeshwa kitu hukaa tu, umri unakwenda, akisema anasubiri mlango ufunguke. Nyuma ya haya yote kuna imani moja iliyoenea: kwamba Mungu humwongoza mtu kwa kumwondolea mashaka kabla hajaamua, iwe kwa ndoto, kwa unabii, kwa amani ya ghafla moyoni au kwa mambo kunyooka yenyewe. Watu huiheshimu kama alama ya ukomavu wa kiroho. Mimi naiona kuwa ni kukataa kumtegemea Mungu, na kwa wanaume Wakristo imekuwa maficho ya kukwepea wajibu.

Tuanze na Biblia yenyewe, kwa kuwa ndiyo inayotajwa sana katika jambo hili. Ibrahimu, baba wa imani, anasifiwa katika Waebrania 11 kwa sababu alitoka bila kujua aendako. Wapenda ishara humkimbilia Gideoni na ngozi yake ya kondoo. Lakini ukisoma Waamuzi 6 unakuta Gideoni alikwisha kuambiwa la kufanya, tena alikwisha kupewa ishara ya moto mwambani, kabla hajatandaza ngozi hiyo. Aliomba ishara ya ngozi mara mbili, na mara ya pili akamsihi Mungu asimkasirikie. Mungu alimvumilia, lakini hakuna mahali tunapoambiwa tumuige. Yusufu, mume wa Mariamu, aliota ndoto kweli. Ila Mathayo anasimulia kwamba kabla ya ndoto alikwisha kulipima jambo lake kwa haki na kwa huruma, akaazimia kumwacha mchumba wake kwa siri asimwaibishe. Ndoto ilimkuta mtu mwenye azimio, ikamsahihisha. Hakuwa amelala akisubiri aambiwe awe mwadilifu.

Paulo ndiye anayeivunja kabisa hoja ya mlango. Katika Matendo 16 alitaka kuhubiri Asia akazuiwa, akajaribu kuingia Bithinia akazuiwa, ndipo maono ya Mmakedonia yakamjia huko Troa, akiwa tayari yuko safarini. Aliyatii maono, akafika Filipi, na alichokikuta ni viboko na gereza. Kwa hesabu za wengi wetu, fimbo na minyororo ingekuwa ishara tosha kwamba alikosea njia. Baadaye aliwaandikia Warumi kuwa anapanga kupita kwao akielekea Hispania. Roma alifika, lakini kama mfungwa. Mtume mwenyewe alipanga safari, akapangua, akaandika "huenda," na hakuona kwamba kutojua kwake kunapunguza uongozi wa Mungu.

Historia ya pwani yetu ina ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mmisionari Johann Ludwig Krapf alitua Mombasa mwaka 1844 baada ya kufungiwa njia Ethiopia. Miezi michache tu baadaye alimzika mkewe Rosine pamoja na binti yao mchanga, naye mwenyewe akiwa taabani kwa homa. Alikuwa na ndoto ya kujenga mlolongo wa vituo vya misheni kuvuka bara zima, na ndoto hiyo haikutimia mikononi mwake. Mtu wa kuhesabu milango angepanda meli arudi Ulaya. Krapf alibaki, mwaka 1846 akaanzisha kituo Rabai na mwenzake Rebmann, akaitafiti lugha ya Kiswahili hadi akaacha sarufi na kamusi. Simtaji ili kusema kwamba kung'ang'ania ni ishara ya kuitwa, maana wapo waliong'ang'ania upotevu. Namtaja kwa sababu ugumu wa njia haukumthibitishia kwamba amekosea, wala wepesi wa njia hauthibitishi kwamba mtu amepatia.

Imani hii ya ishara ina gharama. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha shilingi 500 kutoka kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, aliyesema Mungu alimfunulia dawa hiyo katika ndoto. Foleni za magari zilienda kilomita nyingi, wagonjwa wengine wakafia njiani, na wengine waliacha dawa za hospitali. Si lazima tumwite mzee yule tapeli ili tuone tatizo. Anayesema ameota anaweza kuwa mkweli kabisa kuhusu kuota kwake na bado ndoto isiwe agizo la Mungu. Ndiyo maana Paulo aliwaagiza Wathesalonike wasidharau unabii, na papo hapo akawaagiza wajaribu mambo yote.

Nyumbani gharama hiyo ni ya kimyakimya zaidi. Mwanamume anayemwambia binti "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu" hajaposa, ametoa amri. Binti akikataa anaonekana amemkataa Mungu. Kumbe Paulo, katika 1 Wakorintho 7:39, anamwachia mjane uhuru wa kuolewa na amtakaye, sharti likiwa moja tu, iwe katika Bwana. Mwanamume mwenye heshima husema, "Nimekupenda, nimeomba, nimewashirikisha wazee, naomba jibu lako." Kauli hiyo inamwacha msemaji wazi, anaweza kukataliwa, na akikosea kosa ni lake. Hapo ndipo hofu ilipo. Tunamtanguliza Mungu ili lawama zisitufikie, halafu tunajiita wanyenyekevu. Amri ya kutolitaja bure jina la Bwana inahusu jambo hili kuliko inavyohusu viapo vya sokoni.

Wapo watakaosema kwamba haya ni kutegemea akili, wakati Mithali 3:5 inakataza. Lakini kitabu hicho hicho kinasema mipango huharibika pasipo mashauri, na kwamba moyo wa mtu hupanga njia yake huku Bwana akiziongoza hatua zake. Kinachokatazwa ni akili inayojitosheleza. Nehemia aliomba na kufunga kwa siku kadhaa, kisha akamwomba mfalme barua na mbao, akaukagua ukuta usiku kabla ya kumwambia mtu. Wengine watauliza kama nimemnyamazisha Roho Mtakatifu. La hasha. Mungu akitaka kusema kwa ndoto atasema, hana haja ya ruhusa yangu. Ninachokipinga ni kumdai afanye hivyo, na kuita uvivu wetu subira mpaka atakapofanya.

Pingamizi zito zaidi ni hili: je, nikiamua bila ishara halafu nikakosea? Utakosea, mara nyingine vibaya. Lakini Mungu anayeweza kukuongoza ukiwa sahihi tu ni mdogo mno kwa mtu yeyote kumtumainia. Yakobo katika waraka wake hakuwakataza wafanyabiashara kupanga mwaka wa biashara. Aliwataka waseme "Bwana akipenda," yaani wapange wakijua mpango wao unaweza kupinduliwa. Kwa hiyo, ndugu, omba, soma Neno, waulize waliokutangulia, msikilize mkeo, piga hesabu zako, kisha amua na utie sahihi kwa jina lako mwenyewe. Mambo yakienda vizuri mshukuru Mungu. Yakiharibika, tubu palipo na dhambi, rekebisha palipo na kosa, na usimtafute nabii wa kumbebesha lawama.