Injini ya Rota: Tabo Moja au Mbili?

Wanaoijadili injini ya rota, iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, huhitilafiana katika mambo mengi, lakini swali moja limezua ubishi mrefu kuliko mengine: je, injini hiyo isukumiwe hewa na tabo moja kubwa, au na tabo mbili ndogo? Mara nyingi ubishi huo hukatwa kwa tarakimu moja tu, yaani nguvu ya juu kabisa inayopatikana injini ipimwapo. Huo ni uamuzi wa pupa. Tarakimu hiyo haielezi injini inafanya kazi gani katika sehemu kubwa ya safari, wala haielezi itadumu kwa muda gani.

Yafaa kwanza kukumbuka tabia ya injini yenyewe. Haina pistoni wala vali. Rota yenye pembe tatu huzunguka ndani ya nyumba iliyobonyea kidogo kiunoni, na kila rota izungukapo mara moja, mhimili mkuu huzunguka mara tatu. Tundu la kutolea moshi halifunguliwi polepole kama vali ifanyavyo. Hufunuliwa ghafla na ncha ya rota, na moshi hutoka kwa kishindo. Tena chumba cha mwako ni kirefu na chembamba, hivyo mafuta huchelewa kuungua yote na moshi hutoka ukiwa na joto kali mno. Kwa mhimili hiyo ni hasara. Kwa tabo ni karamu, kwa kuwa tabo ni gurudumu la mapanga lizungushwalo na moshi huo, nalo huzungusha gurudumu la pili linaloshindilia hewa ndani ya injini.

Hapa ndipo fizikia ya shule ya sekondari inapotosha kuamua mengi. Ili magurudumu mawili ya umbo moja yatoe kanieneo sawa, kingo zake hazina budi kwenda kwa mwendokasi ulio sawa. Kiasi cha hewa kipitacho hufuata mraba wa kipenyo, lakini tungamo la gurudumu hufuata mchemraba wake. Basi gurudumu lipitishalo nusu ya hewa huwa na kipenyo cha 0.71 cha lile kubwa, na tungamo lake ni 0.35 tu. Kwa kuwa mwendokasi wa kingo ni ule ule, nishati mwendo inayohitajika nayo ni 0.35. Tabo mbili ndogo kwa pamoja huhitaji 0.71 ya nishati ihitajiwayo na tabo moja kubwa. Hiyo ni nafuu, lakini si ya ajabu. Nayo hupunguzwa zaidi na ukweli kwamba uwazi kati ya mapanga na nyumba yake hauwezi kupunguzwa sana, kwa hiyo gurudumu dogo huvujisha sehemu kubwa zaidi ya hewa yake.

Jambo hubadilika kabisa moshi wote unapoelekezwa kwenye tabo moja ndogo kwanza, na ya pili ikaitwa baadaye. Hapo nishati ya kuanzia ni 0.35, na moshi wa kuitoa haukugawanywa. Dereva akanyagapo mafuta, ule uzito unaosumbua magari ya tabo kubwa hauonekani sana.

Hiyo ndiyo njia iliyochaguliwa na kampuni ya Mazda ya Hiroshima, Japani, iliyokuwa imetoa gari la rota mbili, Cosmo Sport, tangu mwaka 1967. RX-7 ya mwaka 1985 ilipewa tabo moja. Eunos Cosmo ya mwaka 1990 ilipewa tabo mbili za kupokezana, na RX-7 mpya ya mwaka 1991 ikafuata, ikitoa nguvu za farasi 255 kutoka injini ya sentimita za ujazo 1,308. Tabo ya kwanza ilifanya kazi peke yake hadi kiasi cha mizunguko 4,500 kwa dakika. Kabla ya hapo moshi kidogo ulipelekwa kwenye ya pili ili ianze kuzunguka mapema, isije ikashtuka. Hata hivyo, wakati wa kupokezana kanieneo kilishuka kidogo kisha kikapanda tena, na dereva aliuhisi mkatiko huo.

Kwa wakati wake ulikuwa uamuzi wa hekima, na wanaoubeza leo hawautendei haki. Lakini gharama yake ilikuwa kubwa. Upokezanaji uliendeshwa na milango, solenoidi na mirija mingi ya mpira, iliyopangwa juu ya injini ambayo, kama ilivyoelezwa, hutoa joto kali. Mpira uliopikwa kwa miaka hukakamaa na kupasuka. Mrija mmoja ukitoboka, tabo ya pili hukosa amri, au kanieneo hupanda pasipo mpango. Fundi hutafuta kosa siku nzima mahali pasipoingia hata kidole.

Kanieneo kisichodhibitiwa ni hatari kubwa zaidi kwa rota kuliko kwa pistoni. Kwenye ncha za rota mna vipande vyembamba vya chuma, unene wa milimita 2 katika injini hiyo, vinavyozuia gesi isivuje. Mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati wake, vipande hivyo huvunjika. Na kilichovunjika hutoka pamoja na moshi na kuyakata mapanga ya tabo.

Kwa sababu hiyo, kwa mtu anayeijenga upya injini hiyo leo, tabo moja ndiyo chaguo bora, ila si ile kubwa inayosifiwa kwenye mashindano. Iwe ya wastani, yenye beringi za gololi, na nyumba ya moshi iliyogawanywa njia mbili. Mgawanyo huo waifaa sana rota, kwani rota mbili hutoa mikupuo yake kwa zamu, na kila moja ikipewa njia yake hakuna mkupuo unaosukumana na mwenzake. Tabo zenye beringi za gololi hazikuwa rahisi kupatikana mwaka 1991. Anayechagua tabo kubwa kupita kiasi hupata nguvu nyingi juu ya mizunguko 6,000, na chini yake gari zito la kukera. Kisha, ili aone faida ya fedha zake, huongeza kanieneo hadi vile vipande vya milimita 2 vikubali kushindwa.

Mwenye gari lililobaki na tabo zake mbili za asili hana haja ya kuzing'oa zikiwa nzima. Abadilishe kwanza mirija yote ya mpira, aweke ile istahimiliyo joto, kisha apime kanieneo kabla na baada ya mizunguko 4,500.