Semina Isiishie Ukumbini

Yapo mazoea miongoni mwa watumishi wa umma ambayo yamedumu kwa muda mrefu hata hakuna tena ayaonaye kuwa ni kasoro. Mtumishi hupelekwa semina ya siku tano katika mji asioujua. Hufika usiku kwa basi, hulala katika nyumba ya wageni iliyo karibu na ukumbi, husikiliza mihadhara, hunywa chai ya saa nne, na siku ya mwisho hukimbilia sokoni kununua mchele. Kesho yake yumo safarini akirejea kwenye kituo chake cha kazi. Akiulizwa mji ule ukoje, hujibu kwamba una baridi.

Jibu hilo ndilo watu wengi walilo nalo juu ya Mbeya. Ni kweli kwamba Mbeya ina baridi, kwa sababu mji huo umekaa kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, chini ya mlima Loleza na kilele cha Mbeya kinachozidi mita 2,800. Lakini mtu aliyekaa humo siku tano akaondoka na habari ya baridi tu, amekwenda na kurudi kama gunia lililopakiwa na kupakuliwa.

Mji hujifunza kwa miguu. Saa mbili za jioni moja, baada ya mihadhara, zinatosha kuanza. Mgeni akitembea katika mitaa ya Uhindini na kuteremkia soko la Sokomatola, ataona mji ulioanzishwa mwaka 1927, enzi ya Waingereza, wakati watu walipokuwa wakimiminika kwenda kutafuta dhahabu ya Lupa huko Chunya. Mji huo haukuota wenyewe kama uyoga. Uliwekwa pale ili uhudumie mali iliyokuwa ikichimbwa kwa jasho la watu wengine, na mpango wa mitaa yake ya zamani bado unaonyesha nani alikuwa akiishi wapi na kwa nini.

Akishatoka huko, apande daladala mpaka stesheni ya TAZARA. Hapo atakuta sura nyingine ya historia. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao mwaka 1965, Zambia, nchi isiyo na bahari, ilibanwa katika usafirishaji wa shaba yake. Tanzania na Zambia zikaomba msaada wa kujenga reli, wakubwa wa Magharibi wakasema haina faida, China ikakubali. Kazi ilianza mwaka 1970, na njia ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi ikakabidhiwa mwaka 1976. Mwalimu huwafundisha wanafunzi wake habari hizi kwa tarehe na tarakimu. Akisimama kwenye jukwaa la stesheni ile, akatazama reli ikielekea Tunduma, tarehe zile humpatia maana nyingine.

Ikifika Jumamosi, siku nzima ni yake. Barabara iendayo Tukuyu na Kyela hupanda milima ya Uporoto, na kiasi cha nusu ya safari ya kwenda Tukuyu hufikia Isongole. Hapo msafiri huiacha lami na kufuata njia ya vumbi kuelekea ziwa Ngosi. Wengi huhesabu kwamba safari inaanza pale waonapo maji. Mtumishi mwenye macho huanza kujifunza tangu barabarani, kwa maana pande zote mbili ni mashamba ya viazi mviringo, kabichi na ndizi, na kando ya njia yamesimamishwa magunia yaliyoshindiliwa viazi hadi yakaongezewa kichwa cha nyavu juu yake. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, na majalada juu yake yamejaa maofisini. Hata hivyo, mkulima huuza gunia moja na nusu kwa bei ya gunia moja, kwa sababu mwenye lori ndiye mwenye neno la mwisho pale shambani. Ofisa aliyesoma neno hilo katika taarifa mara kumi, na ofisa aliyejaribu kuliinua gunia lile kwa mikono yake, hawawezi kuandika dokezo la namna moja.

Baada ya mashamba huja msitu. Njia hupanda kwa zaidi ya saa moja chini ya miti mirefu na mianzi, na mvua ikinyesha udongo huteleza vibaya. Mwishoni msitu hufunguka ghafla, na ziwa huonekana mbali chini, la rangi ya kijani, limezungukwa na kuta za mlima pande zote, lenye urefu wa kilomita mbili na nusu hivi. Hakuna mto utokao humo. Mlima uliokuwa pale ulitapika moto, kisha ukadidimia wenyewe juu ya tumbo lake lililobaki tupu, na shimo lile likajaa maji. Joto bado limo chini ya miamba hiyo, ndiyo maana wataalamu wamekuwa wakiuchunguza mlima huo kwa ajili ya nishati ya jotoardhi.

Somo hilo la ziwa la kasoko hufundishwa kila mwaka ubaoni kwa mchoro wa chaki. Ni jambo la kusikitisha kwamba wapo wanafunzi wa Mbeya, waliozaliwa chini ya kilomita arobaini kutoka Ngosi, wanaomaliza shule wakiwa na mchoro huo tu. Wa kulaumiwa si mtoto. Mwalimu ambaye hajafika hawezi kumwonyesha mwingine njia.

Tena elimu ya milima hiyo haijakwisha kuandikwa. Mwaka 2005 wanasayansi waliitangazia dunia habari za kima mpya aliyepatikana katika misitu ya mlima Rungwe, jirani ya Ngosi, na mwaka uliofuata akapewa jenasi yake peke yake. Jina lake kipunji halikubuniwa maabara. Wawindaji wa vijiji vya Rungwe walikuwa wakimtaja kwa jina hilo siku zote. Kilichokosekana ni msomi wa kwenda kuwasikiliza.

Pengine patatokea watakaosema kwamba matembezi ni anasa ya Wazungu, na kwamba mshahara wa mwalimu hautoshi. Hoja ya mshahara ni ya kweli na haifai kudharauliwa. Lakini nauli kubwa, ile ya kutoka kituo cha kazi hadi Mbeya, imekwisha kulipwa kwa fedha za umma. Kinachobaki ni nauli ya basi la abiria hadi Isongole, ada ya kuingia msituni, na ujira wa kijana wa kijijini atakayeongoza njia. Watu watano wakishirikiana, mzigo huo unabebeka. Jambo moja lisikubaliwe: gari la serikali lisigeuzwe la matembezi, wala siku ya kazi isiibwe. Mtumishi aende siku yake ya mapumziko na kwa fedha yake.

Wanaopanga semina nao wana wajibu. Ratiba iliyojaa mihadhara tangu asubuhi hadi usiku haiongezi elimu, huongeza usingizi. Nusu siku ya kuutazama mji na watu wake ingefaa kuhesabiwa kuwa sehemu ya semina. Halmashauri nazo ziitengeneze njia na kuweka vibao, na zihakikishe kwamba kijiji kinachoulinda msitu kinaonja faida ya wageni. Mgeni naye asiache chupa na mifuko mlimani, asiwashe moto, wala asimpunje kiongozi wake ujira.

Wahenga walisema, mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Nchi hii inaendeshwa na watu wanaoandika mipango ya vijiji wasivyovijua na kufundisha ramani ya mahali wasipopakanyaga. Kila mmoja wao akiitumia Jumamosi moja ya kila safari ya kikazi kuitazama nchi anayoitumikia, mafaili yatabaki yale yale, lakini mkono unaoyaandika utakuwa umeshika gunia la Uporoto na kujua uzito wake.