“Zitaingia tu” ni uongo, na mimi niliusambaza

Wasee, leo tuongee kuhusu Vitz yako. Ama Demio, ama Fit, ile gari ndogo uliachiwa na brathe akienda Qatar, ama umejinyima miaka miwili ukainunua, na kitu ya kwanza umewaza si sevisi wala breki. Ni rimu za 17.

Nianze na makosa yangu. Mwaka jana duka moja, sitalitaja, lilinipa rimu nne za 17 na tairi zake bure nifanye video. Nikafanya. Gari ikapigwa picha jioni kwa pakingi, laiki zikaingia, na nikasema kwa mdomo wangu mwenyewe, “Hizi zinaingia kwa Vitz yoyote.” Fundi ndiye aliniambia hivyo. Sikuuliza swali la pili.

Miezi mitatu baadaye jamaa mmoja akaniandikia inboksi. Anaendesha teksi ya apu. Alinunua saizi ileile kwa sababu yangu. Usiku, Outering, mvua, abiria wawili nyuma, shimo limejaa maji. Tairi mbili za kushoto zikapasuka pamoja, rimu ya mbele ikapinda kama sufuria iliyokanyagwa. Hakuna aliyeumia. Lakini gari ililala siku tisa, na deni la gari halilali. Hakunitukana. Aliuliza tu, “Bro, wewe zako bado ziko sawa?”

Zangu nilikuwa nimeshatoa. Zilinitesa mgongo wiki sita nikazirudisha kwa stoo, na sikuwaambia, kwa sababu video ya kutoa rimu haina laiki.

Sasa hili neno “zitaingia.” Hata mguu wako unaingia kwa gambuti ya babako. Swali ni utatembea aje.

Niliacha chuo mwaka wa pili lakini hii ni hesabu ya shule ya msingi, fanya na mimi. Vitz nyingi za 2005 hadi 2010 zilikuja na tairi ya 165/70R14. 165 ni upana kwa milimita. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hiyo 70 ndiyo watu huruka: ubavu wa tairi ni asilimia 70 ya upana. 70 ya 165 ni milimita 115.5. Huo ubavu, raba na hewa ndani yake, ndio shoki ya kwanza ya gari. Shimo linakula hapo kabla halijafika kwa springi, kabla halijafika kwa kiuno chako.

Weka 205/40R17 kama mimi. Asilimia 40 ya 205 ni 82. Umetupa milimita 33 za ubavu. Na hapa ndipo wanakupata: ukipima gurudumu lote kutoka chini hadi juu, ile ya zamani ni kama milimita 587, hii mpya 596. Karibu sawa. Fundi anakuonyesha, “Si unaona kimo ni kilekile?” Hajadanganya. Hajakuambia tu kwamba pahali palikuwa na raba sasa pana chuma. Ukigonga ukingo wa shimo, raba inabanwa kati ya lami na rimu, inakatika ubavuni, hewa kwaheri. Hivyo ndivyo jamaa alipoteza mbili kwa sekunde moja.

Ukikosa ya 40 wanakupa 205/45R17, “ni kitu moja.” Si kitu moja. Hiyo inafika 616, asilimia 5 zaidi ya ile ya kwanza. Spidomita inasoma 100, wewe uko 105. Na injini ya lita moja ambayo tayari inalia ukipanda mlima na watu wanne sasa inazungusha gurudumu kubwa na zito. Alafu unauliza kwa nini mafuta inaisha.

Ndio, najua, kuna mtu anaandika tayari kwamba Toyota wenyewe waliuza Yaris ya 17 huko Ulaya. Waliuza. Na injini ya 1.8 na springi zake, si yako ya 1.0 yenye shoki za tangu meli.

Vitz ina nati nne kwa duara la milimita 100, 4x100, na hiyo angalau kila muuzaji anajua. Tobo la katikati ndilo hawasemi. Habu ya Vitz ni 54.1. Rimu nyingi za madukani zina tobo la 73.1, zitoshee gari nyingi. Bila ringi ya kujaza hiyo nafasi, rimu inakaa kwa nati peke yake, na ikikaa upande kidogo usukani unatetemeka ukikimbia, unaambiwa ufanye balansi mara tatu. Ringi ni kitu kidogo sana. Itisha. Itisha pia nati za kichwa cha koni kama rimu inataka koni, kwa sababu zile nati za rimu za Toyota zenye washa bapa hazikai vizuri humo, na nati isiyokaa hulegea. Ofseti nayo, ile namba ya ET: rimu ya upana uleule ukitoa ET45 ukaweka ET25, gurudumu limetoka nje milimita 20. Kwa picha inakaa poa. Beringi ndiyo inabeba.

Na usidhani mimi ni mzazi wako hapa. Napenda gari imekaa vizuri, bado. Kwa hiyo Vitz weka 15 na 185/60, saizi ambayo Toyota waliiweka kwa Vitz zingine za umbo hilohilo. Ubavu unabaki milimita 111. Rimu safi ya 15 yenye ofseti karibu na ya kiwanda ni swagga tosha, na pesa inayobaki inanunua tairi mpya, si zile za kung’arishwa na dawa nyeusi. Angalia namba nne za mwisho za DOT ubavuni: 2318 ni wiki ya 23 ya 2018. Msee anakuuzia hiyo leo kama “mpya kabisa” na wewe unahesabu spoku za rimu.

Wenzangu wa kontenti, mkipewa rimu bure semeni mmepewa. Alafu pigeni video nyingine baada ya miezi mitatu ya Jogoo Road, na mbebe nyanya yenu kiti cha nyuma muone atasema nini.

Ile video yangu bado iko juu. Sijaifuta. Nimeandika mwanzoni kwamba nilipewa na kwamba saizi si sawa, na wale wa duka wamenibloku. Jamaa wa teksi amerudia 14. Nimemlipia tairi moja. Ya pili bado ananidai.