Pikipiki Iliyotoka Katika Kitu cha Kuchezea

Siku hizi pikipiki ndiyo punda wa kijiji. Yabeba mgonjwa, yabeba gunia la mahindi, yabeba hata bibi arusi. Walakini ni wangapi kati yetu wanaojua jinsi watu walivyohangaika hata chombo hiki kikawa chepesi, tena cha bei ambayo mtu wa kawaida aweza kuifikia? Leo nataka kuwasimulieni habari za kiwanda kimoja cha Ujerumani kilichoitwa DKW. Habari zake zina mafundisho kwa kila mwenye nyumba.

Mwenye kukianzisha hakuwa Mjerumani. Jina lake Jørgen Skafte Rasmussen, mtu wa Denmark, aliyezaliwa mwaka 1878. Alikwenda Ujerumani kusomea ufundi wa mitambo, akakaa huko huko. Mwaka 1906 alinunua kiwanda kitupu cha nguo katika mji mdogo wa Zschopau, penye milima ya Saxony, akaanza kutengeneza vyombo vya chuma vya namna nyingi.

Ikaja vita kuu ya kwanza, petroli ikawa adimu. Rasmussen akafikiri: kama petroli haipatikani, kwa nini gari lisiendeshwe kwa mvuke wa maji, kama garimoshi? Mwaka 1916 akaanza kujaribu. Kwa Kijerumani gari la mvuke huitwa Dampfkraftwagen, na humo ndimo zilimotoka zile herufi tatu, DKW. Gari lenyewe halikufaulu, lakini jina lilibaki.

Vita vilipokwisha, mwaka 1919, fundi mmoja aitwaye Hugo Ruppe alimtengenezea injini ndogo sana ya kuchezea watoto. Wakaipa jina lenye maana ya “matakwa ya mvulana”, ambalo kwa Kijerumani laanza na herufi zile zile tatu. Kisha wakafikiri, je, injini hii ikikuzwa kidogo na kufungwa katika baisikeli, itakuwaje? Wakafanya hivyo, nayo baisikeli ikapanda mlima bila ya mwenyewe kukanyaga. Mwaka 1922 wakatoa pikipiki yao hasa.

Basi, tuitazame injini yenyewe, kwani ndiyo siri ya habari hii. Ilikuwa injini ya mipigo miwili. Katika injini ya mipigo minne, pistoni hupanda mara mbili ndipo moto uwake mara moja. Katika hii ya mipigo miwili, moto huwaka kila pistoni ipandapo. Tena haihitaji vali. Matundu yaliyo ubavuni mwa silinda ndiyo milango yake, na pistoni yenyewe ndiyo hufunga na kufungua. Oili huchanganywa na petroli, nayo hulainisha vyuma ipitapo. Vyuma vyake ni vichache, kwa hiyo bei yake ni ndogo, na fundi wa kijijini aweza kuifahamu upesi.

Kasoro yake ilikuwa moja kubwa. Petroli mpya ilipoingia, nyingine ilitoroka pamoja na moshi kabla ya kuwaka, yaani fedha kupotea hewani. Fundi mwingine wa Ujerumani, Adolf Schnürle, akagundua dawa. Aliyaelekeza matundu ya kuingilia hata petroli ikagonga kwanza ukuta wa nyuma, ikazunguka, na kuusukuma moshi nje. Miaka ya 1930 DKW ikapata ruhusa ya kutumia maarifa hayo, na pikipiki zake zikawa na nguvu zaidi kwa petroli kidogo.

Kabla ya hapo DKW ilikuwa imekwisha kuwa na jina kubwa. Iliwauzia watu pikipiki kwa malipo ya kidogo kidogo, na wafanya kazi wengi walizipata kwa njia hiyo. Mwisho wa miaka ya 1920 hapakuwa na kiwanda kingine duniani kilichotengeneza pikipiki nyingi kuliko kile cha Zschopau.

Lakini mpanda ngazi hushuka. Rasmussen alikuwa amenunua viwanda vingine vingi kwa fedha za mkopo wa benki. Mara uchumi wa dunia ukaanguka, wanunuzi wakapungua, nalo deni halikupungua. Mwaka 1932 DKW iliunganishwa na Audi, Horch na Wanderer kuwa kampuni moja, Auto Union, yenye alama ya pete nne. Na mwisho wa mwaka 1934 Rasmussen mwenyewe aliondolewa katika uongozi. Fikirini, wasomaji wangu: mtu kutolewa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake!

Mwaka 1939 fundi mkuu wa pikipiki, Hermann Weber, alimaliza kuunda pikipiki ndogo, RT 125. Ilikuwa nyepesi na rahisi, bila ya pambo lisilo na kazi. Ikaja vita kuu ya pili. Ujerumani iliposhindwa, Warusi waliifungua mitambo ya Zschopau na kuichukua kwao. Weber naye akapelekwa huko pamoja na mafundi wengine, na mwaka 1948 akafa huko, mbali na kwao.

Haki ya kuitengeneza pikipiki yake nayo haikuwa tena ya wenyewe. Warusi wakaiiga. Waingereza wa BSA wakaiiga, wakaiita Bantam. Wamarekani wa Harley-Davidson wakaiiga. Mwaka 1955 wenye Yamaha wa Japani, ambao kabla ya hapo walijulikana kwa vinanda, wakatoa pikipiki yao ya kwanza kwa kuifuata ile ile RT 125. Kumbe jina hilo la Yamaha tulijualo huku kwetu lilianza safari yake kwa kazi ya Weber!

Mafundi waliobaki Zschopau hawakukaa kulia. Wakaanza upya katika Ujerumani ya Mashariki, na pikipiki zao zikaitwa MZ. Wengine walikimbilia Ingolstadt, upande wa Magharibi, wakaifufua Auto Union mwaka 1949. Leo DKW na MZ hazitengenezi tena pikipiki, lakini pete nne zingali mbele ya magari ya Audi. Rasmussen alifariki Copenhagen mwaka 1964.

Sasa tujifunze nini? Kwanza, wazazi, msimkemee mtoto anayeketi kutwa akiunda vigari vya waya na magurudumu ya ndala. Mwulizeni vinakwendaje, na mkimpatia waya zaidi hamtakula hasara. Pili, kabla hujachukua mkopo wa kununua pikipiki, hesabu siku za mvua na siku za kukosa abiria, kwani deni halijui masika. Tatu, mitambo yaweza kuchukuliwa kwa siku moja, lakini ufundi ulio kichwani na mikononi mwa watu huota tena. Basi wapelekeni vijana, wa kiume na wa kike, wakajifunze ufundi.