KANSA KWENYE UKOO: NI JENI, SIYO JINI

Wadau, kila Oktoba fulana za pinki zinajaa mjini, mbio za hisani, matangazo ya kina dada wajipime matiti. Safi sana. Ila swali moja sijaliona kwenye mabango: kwenu nani aliugua, kansa gani, na alikuwa na miaka mingapi?

Nauliza kwa sababu huku Jangwani ukienda msibani utaambiwa marehemu "alisumbuliwa na kifua". Miaka miwili baadaye anafuata mdogo wake, basi maneno yanaanza: ukoo umerogwa, wana jini. Na kwa vile watu wanachunguza ukoo kabla ya kupeleka posa, familia inafunga mdomo ili mabinti waolewe. Matokeo yake binti wa miaka 30 anapapasa uvimbe, hajui kabisa kwamba bibi na shangazi yake walianza hivyo hivyo.

Sasa tuelewane. Kansa yenyewe hairithiwi kama kiwanja. Kinachorithiwa ni hitilafu kwenye jeni, na wataalamu wanakadiria kansa za namna hiyo ni asilimia 5 hadi 10 tu ya kansa zote. Zinazojulikana zaidi ni BRCA1 na BRCA2, zilizotambuliwa 1994 na 1995. Kazi yake ni ufundi, zinarekebisha vinasaba vilivyoharibika. Zikiwa mbovu, fundi hayupo. Utafiti mkubwa wa 2017 ulionyesha mwanamke mwenye hitilafu hiyo ana uwezekano wa kama asilimia 70 kupata kansa ya matiti kabla ya kufika miaka 80. Ndiyo maana 2013 Angelina Jolie alitangaza kwamba ameondolewa matiti kabla hajaugua. Mama yake alikufa kwa kansa akiwa na miaka 56.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya Wazungu. Wapi! Utafiti uliochapishwa 2020 uliwapima wagonjwa wa kansa ya matiti wa Uganda na Cameroon, na hitilafu hizo za BRCA zilikutwa.

Halafu wanaume tusijitoe. Baba naye anapitisha! Mtaani kwetu Uyanga unarithi kwa baba, hakuna mjadala. Jeni haiendi hivyo: kila mtoto ni kama kurusha shilingi, nusu kwa nusu. Watoto watatu wanaweza kuikosa wote, au kuipata wote. Kwa hiyo shangazi wa upande wa baba naye anahesabiwa. Na BRCA2 mbovu inamwongezea mwanaume hatari ya kansa ya tezi dume, hata ya matiti.

Ila msikimbilie kusema damu mbaya. Kansa ya mlango wa kizazi, inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania, inaletwa na kirusi cha HPV, na chanjo yake wasichana wanapewa nchi nzima tangu 2018. Kansa ya koo la chakula nayo inaweza kupiga nyumba moja watu wawili, kumbe wote wanakunywa chai ya moto wa kuunguza, kitu ambacho watafiti wanakichunguza kule Kilimanjaro.

Kipimo cha jeni hukikuti kila hospitali. Kumuuliza bibi ni bure. Chukua daftari, andika pande zote mbili: nani, kansa gani, umri. Ukiona kansa ya matiti chini ya miaka 50, au ndugu wawili watatu wa upande mmoja, au mwanaume mwenye kansa ya matiti, nenda na hilo daftari kwa daktari. Ocean Road iko hapa hapa mjini.

Mimi upande wa mama nimeshajaza. Upande wa baba wazee wananizungusha, eti mtoto hachimbui habari za marehemu. Kwenu mnajibiwaje?